Mke wa Mwenye Mafuta

Fundi hakujaliwa uso wa kuficha jambo. Akishiba uso unasema, akikasirika unasema, na akijaribu kudanganya masikio yanamwasha mpaka ayashike. Kwenye karata wenzake walishaacha kutazama karata zao, walikuwa wanamtazama yeye. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao chumba cha uani tangu miguu ilipoanza kumsumbua, alipenda kusema kwamba mkwe wake ni dirisha lisilo na pazia, na alilisema hilo mbele yake, maana kwa umri ule mtu hana tena haja ya kusengenya. Sasa, pamoja na watu wote waliojaa duniani, huyu ndiye aliyepewa kazi ya kutunza siri.

Siri yenyewe ilikuwa ya mafuta. Ukumbi wa bolingi wa mji wao ulikuwa na njia kumi na mbili za mbao, na kila asubuhi, kabla wachezaji hawajaja, Fundi alizipaka mafuta kwa mashine iliyokuwa ikitambaa polepole na kunguruma kama paka aliyeshiba. Mgeni angedhani ni usafi tu. Wenyewe wanajua kuwa mchezo wote uko hapo. Mpira ukiwa juu ya mafuta unateleza. Ukifika pakavu unashika mbao na kukata kona kuelekea kwenye pini, vile vigogo kumi vinavyosimama mwisho wa njia vikisubiri kuangushwa. Mafuta yakipakwa marefu, yakaenda mpaka karibu na pini, unahitaji mpira wenye ngozi ya kukwaruza, wa kung'ang'ania. Yakipakwa mafupi, mpira huohuo unakata kona mapema mno na kupita pini kama mlevi anayeipita nyumba yake. Hapo unataka mpira laini, uliong'arishwa, usio na papara. Ndiyo maana mchezaji anayejiheshimu hana mpira mmoja. Anayo kadhaa, kama seremala na randa zake, na kila mmoja umetobolewa kwa vipimo vya vidole vyake mwenyewe, hata huwezi kuazima wa mwenzako.

Mke wa Fundi alikuwa nayo minne. Watu walimwita Cheche, kwanza kwa sababu alikuwa mchomeleaji wa mageti na nondo za madirisha, na pili kwa sababu ya ulimi. Mpira mweusi ndio uliokuwa mkali wa kukwaruza. Aliupiga msasa mwenyewe mpaka ukafifia kama chungu cha zamani. Wa kijani ulikuwa wa wastani, haukuwa mkali wala mpole. Wa bluu ulikuwa laini, unang'aa, wa njia kavu. Wa mwisho ulikuwa mweupe, wa plastiki, usiokata kona hata umwombe, na kazi yake ilikuwa moja tu: kufuata ile pini moja au mbili zinazobaki zimesimama baada ya mtupo wa kwanza. Mama yake hakuelewa hata siku moja kwa nini mtu mwenye akili anunue mipira minne isiyodunda.

Kwa miaka tisa Cheche alikuwa mchezaji wa akiba katika timu ya taifa. Akiba maana yake ni kufanya mazoezi na wenzako, kupiga nao picha, na wakipanda ndege kuwapungia mkono. Mwaka huo, katika timu ya wanawake, ilikuwa imebaki nafasi moja, na chama cha mchezo kiliamua igombewe Jumamosi na watu wawili: yeye na msichana wa duka la miwani, ambaye kwa kukosa ubunifu walimwita Miwani. Timu ingekaa miaka minne. Cheche alikuwa na arobaini na tatu, na goti la kushoto lilishaanza kumwambia maneno.

"Hii ndiyo," alimwambia mumewe. "Baada ya hapa napungia mkono mpaka nazikwa."

Jambo moja lilimkera kuliko goti. Mwaka uliopita alipochukua kombe la mji, mtu mmoja kwenye kaunta ya vinywaji alisema kwa sauti ya kusikika, "Atashindwaje, mumewe si ndiye mwenye mafuta?" Mwingine akadakia, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Watu wakacheka. Cheche, mwenye ulimi wa kuchoma vyuma, siku hiyo hakujibu. Alirudi nyumbani akaliweka kombe nyuma ya ndoo jikoni, na mpaka leo liko hukohuko. Kumbe hakukuwa na siri yoyote; siku zile chama kilikuwa kikibandika ukutani mchoro wa mafuta ya mashindano, kila mtu akausoma.

Lakini maneno yalifika kwenye chama, na kwa fainali hii wakaamua mafuta yawe siri. Ijumaa mchana Meneja wa ukumbi alifunga mlango wa ofisi, akamwambia Fundi kwa mdomo, bila karatasi, mafuta ya kesho.

"Mafupi," alisema Meneja. "Tena machache."

Mashindano matatu mfululizo chama kilikuwa kimepaka marefu, na mji mzima ulikuwa unanoa mipira mikali.

"Wanataka kuwashtua," Meneja akasema. "Wenye kujua ni mwenyekiti, mimi na wewe. Ningempa mtu mwingine kazi hii, lakini ile mashine haisikii mtu mwingine. Sasa, ndugu yangu, usinielewe vibaya. Lala huku leo. Kochi lipo, chai ipo."

Hapo ndipo Fundi alipoharibu, na aliharibu kwa sababu ya heshima, ambayo imewaponza wengi kuliko pombe. Alimtazama Meneja kama mtu aliyetukanwa mbele ya watoto wake.

"Nimefanya kazi hapa tangu njia hizi zikiwa mbao mpya," alisema. "Mimi si mtoto wa kufungiwa ndani asilambe sukari. Nitalala kwangu, na mke wangu hatasikia neno kutoka kwenye mdomo huu."

"Mdomo wako nauamini," alisema Meneja, akaachia hapo.

Njiani Fundi alijiapiza. Hatazungumzia mchezo. Hataingia uani. Atakula, atajifanya anaumwa kichwa, atalala. Alifika nyumbani jua likiwa bado liko juu, akamkuta mama mkwe mlangoni, amekaa kwenye kiti chake cha plastiki na fimbo magotini, kama askari wa zamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Umeshaambiwa?"

"Nimeambiwa nini, mama?"

Akayashika masikio. Mama mkwe akacheka bila sauti.

"Umeshaambiwa," alisema. "Mwanangu yuko uani anajivunja kichwa. Wamemwambia mipira mitatu tu, wa nne aubakize nyumbani. Anapanga, anapangua, chakula hajala. Na wewe dawa unayo."

"Mama, nikisema nafukuzwa kazi, na yeye anatolewa."

"Nani atajua? Mimi ni kiziwi." Hakuwa kiziwi, alikuwa akisikia hata kijiko kikianguka kwa jirani. "Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, wewe kisu unacho umekikalia. Mume gani huyo?"

Fundi hakuwa na jibu la heshima, na jibu lisilo la heshima hulitoi kwa mama wa mkeo. Akapita. Akaingia chumbani, akavua viatu, akalala akitazama dari. Kifua kilikuwa kinamuuma kabisa, maana alimpenda mke wake, na alikuwa akimwona kila asubuhi akilifunga lile goti kwa kitambaa kabla ya kwenda kazini. Neno moja tu. Mafupi. Watoto wadogo wanalijua neno hilo.

Angeendelea kulala hivyo mpaka asubuhi kama mama mkwe asingeita, giza likianza kuingia, kwamba bomba la uani linavuja. Bomba lilikuwa linavuja kweli. Aliyelifungua nusu ni mwingine, na tusimtaje, ni mtu mzima. Fundi akachukua spana, akatoka.

Cheche alikuwa amekaa kwenye kigoda, mipira minne mbele yake juu ya gunia, anaifuta mmoja mmoja kwa kitambaa. Bado alikuwa na ovaroli la kazini lenye matundu ya cheche mikononi. Hakuinua kichwa.

"Usiniangalie," alisema. "Fanya bomba lako."

"Sikuangalii."

Akachutama kwenye bomba, akampa mgongo. Nyuma yake alisikia kitambaa kikizunguka juu ya mpira, kinasimama, kinazunguka tena. Cheche alikuwa na tabia ya kufikiri kwa sauti, hata kiwandani wenzake walikuwa wanajua geti limefika wapi kwa kumsikiliza.

"Mweupe unakwenda," alikuwa akisema. "Huo hauna mjadala. Bila mweupe pini moja inayobaki inakuaibisha. Bado wawili. Mweusi, kijani, bluu. Mmoja unabaki nyumbani." Kitambaa kilisimama. "Mtu akitaka silaha za kila hali anachukua mkali na mpole, wa katikati anauacha. Lakini ukiukosa wa katikati, siku mafuta yakiwa ya katikati, umekwisha. Mara tatu wamepaka marefu. Kila mtu anasema marefu tena. Miwani amenunua mpira mpya mkali, nimeuona."

Spana ilikuwa imeshamaliza kazi yake zamani. Fundi aliendelea kuizungusha hewani.

"Na mimi nasema hivi," Cheche aliendelea. "Mtu akikupiga mkono wa kulia mara tatu, mara ya nne tazama wa kushoto. Tena wamefanya siri. Kama ni marefu yaleyale, siri ya nini?"

Fundi akageuka. Hakukusudia, shingo iligeuka yenyewe. Alimwona mke wake akinyoosha mkono, akaupitisha juu ya mweusi, akaupitisha juu ya kijani, akauinua wa bluu kwa mikono miwili na kuupakata. Taa ya uani ilikuwa inaakisi juu yake.

Kifua cha Fundi kikalegea, mara moja, chote. Ameupata, aliwaza. Ameupata mwenyewe, kwa akili yake, wala sijasema kitu. Alitamani kucheka. Akarudisha uso kwenye bomba haraka, masikio yakimwasha, akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Nyuma yake pakawa kimya. Kimya kirefu, hata mama mkwe kule ndani akaacha kukohoa. Kisha Fundi akasikia mpira ukitua juu ya gunia, na mwingine ukiinuliwa, na mwingine tena, na zipu ya begi ikifungwa. Alipogeuka, Cheche alikuwa amesimama na begi mkononi. Juu ya gunia ulikuwa umebaki wa bluu.

"Nimemaliza," alisema. "Nakwenda kuoga."

Usiku ule Fundi hakula vizuri. Alikaa mezani na mkewe na mkwewe, akitafuna kitu kimoja muda mrefu. Mara mbili alifungua mdomo. Mara mbili Cheche alimwangalia kwa macho makavu, naye akaufunga, akaomba chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yake.

Jumamosi aliondoka kabla hawajaamka, akapaka njia mafuta yake mafupi, machache, kama alivyoagizwa. Saa tatu ukumbi ulijaa. Kazi ya Fundi wakati wa mchezo ilikuwa nyuma kabisa, kwenye mashine zinazosimamisha pini, penye kelele na joto na harufu ya grisi. Huko huwaoni wachezaji vizuri. Ni watu wadogo mbali mwisho wa njia. Unachoona vizuri ni mpira unaokuja, na rangi yake.

Mpira wa kwanza wa Cheche ulikuwa mweusi. Ulitoka vizuri, ukapita mafuta, ukafika pakavu na kukata kona pale pale, mapema, ukakwaruza pini tatu za pembeni na kuanguka nyuma kwa kishindo. Fundi akafumba macho. Wa pili, mweusi tena, vilevile. Upande wa pili Miwani naye alihangaika na mpira wake mpya mkali, lakini alikuwa amebeba na mmoja laini, akabadilisha mapema, akaanza kuangusha.

Cheche akachukua wa kijani. Kwa muda ukamtii. Alikuwa akirusha kwa nguvu zaidi ili mpira usipate nafasi ya kukata kona, goti likilipa gharama, na pini zikaanza kulala. Lakini mafuta machache hukauka upesi; kila mpira unaopita unayabeba kidogo. Kufika katikati ya mchezo, wa kijani nao ukawa unaponyoka kama mweusi. Miwani akawa mbele mno, na Fundi kule nyuma alikuwa ameshika nguzo ya mashine kama mtu aliye kwenye gari lisilo na breki. Wa bluu uko nyumbani juu ya gunia, aliwaza. Neno moja tu, na ungekuwa hapa.

Halafu ukaja mpira mweupe.

Mwanzoni Fundi alidhani macho yake yanamdanganya. Pini zote kumi zilikuwa zimesimama, na mke wake ameutupa ule wa plastiki, wa kuokota mabaki. Watu wengine walicheka. Mpira ulikuja umenyooka kama rula, ukaingia katikati, pini tisa zikaanguka. Uliofuata, kumi. Kwenye njia kavu namna ile, mpira usiojua kukata kona ulikuwa angalau mtiifu, na Cheche alikuwa na mkono wa kuchora mstari ulionyooka kwenye chuma bila kalamu. Kicheko kikaisha. Miwani akaanza kutetereka. Tofauti ikapungua, ikapungua tena, mpaka Miwani alipomaliza na Cheche akabaki na mtupo mmoja. Akiangusha tisa ni sare, akiangusha zote kumi, nafasi ni yake.

Mpira mweupe ukaja. Fundi aliuona ukikua mbele yake, umenyooka, safi. Ukaingia pale pale. Lakini mpira wa plastiki hauna nguvu ya kusukuma mbali, ukipita umepita. Pini nane zikalala. Mbili za pembeni zikayumba, zikafikiri, zikasimama. Zilikuwa karibu naye kiasi kwamba angeweza kuzigusa kwa mkono. Fundi aliweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

Cheche alishindwa kwa pini moja.

Baadaye Meneja alimfuata Fundi nyuma kule, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Leo umewafunga watu midomo," alisema. "Mkeo amekuja na mipira ya mafuta marefu. Kila mtu ameona. Hakuna atakayesema tena." Hata yule bwana wa kaunta alimpa soda ya bure. Fundi aliinywa, haikuwa na ladha.

Alimkuta Cheche uani, kwenye kigoda, anafuta mafuta kwenye mipira yake kama anavyofanya kila baada ya mchezo. Mama mkwe alikuwa ndani na redio haikuwashwa. Fundi akasimama mbele ya mkewe kama mshitakiwa.

"Nisamehe," alisema. "Nilikuona ukiuacha wa bluu. Nilijua. Nikanyamaza."

"Hukunyamaza," alisema Cheche.

"Sikusema neno."

"Neno hukusema." Aliendelea kufuta. "Mimi wa bluu niliuchagua tangu Jumatano. Nilikuwa nauweka na kuutoa ili nijihakikishie tu. Jana nikaushika, nikasema basi, huu unakwenda, kijani unabaki. Na wewe pale kwenye bomba ukashusha pumzi. Nilikusikia, Fundi. Kama mtu aliyetua gunia."

Fundi akautazama wa bluu, ungali juu ya gunia.

"Sasa ningeuchukua vipi?" Sauti yake ilianza kuvunjika, naye akairudisha kwa nguvu. "Kabla hujapumua ulikuwa wangu. Ulipopumua, haukuwa wangu tena. Ningeshinda nao, yule mtu wa kaunta angesema mumewe kamwambia, na safari hii angekuwa amesema kweli."

"Lakini ulikuwa umeshauchagua mwenyewe."

"Ndiyo. Ndiyo maana nina hasira na wewe." Akaufunga mpira mweupe ndani ya kitambaa. "Ungekaa kimya kweli, ungelala, ungekwenda hata baa, leo ningekuwa kwenye timu."

Fundi akakaa chini, kwenye sakafu ya uani, bila kutazama kama kuna maji. Uso wake ulikuwa unasema yote, kama kawaida, na safari hii hakushika masikio. Alilia kama mtoto, wala hakujificha.

"Kesho nakwenda kwa Meneja," alisema. "Namwambia ukweli. Warudie mchezo, mimi wanifukuze."

Cheche aliuweka mpira chini.

"Utamwambia nini?" aliuliza. "Kwamba ulipumua?"

Akaanza kucheka, kicheko cha kweli, cha tumboni, mpaka mama mkwe akachungulia dirishani. Katikati ya kicheko kikageuka kikawa kilio. Fundi akasogea, akakaa karibu na kigoda chake, na safari hii, kwa kuogopa, alikuwa amebana hata pumzi.